Kabla ya Kupandisha Paneli za Sola, Kagua Kenchi

Watu wengi wanaotaka kufunga umeme wa jua huanza kwa kuulizia bei ya betri na ukubwa wa inveta, na paa hulikumbuka siku fundi anapofika na ngazi. Nilipoiandaa nyumba yetu hapa Tanga, sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kwenye paa lenyewe, nami sijutii fedha iliyoingia huko, kwa kuwa paneli nzuri huuzwa kwa dhamana ya uzalishaji ya miaka 25, na kuzishusha zote baadaye ili kubadilisha mbao zilizooza ni hasara inayoepukika.

Anza darini. Panda na tochi na bisibisi, uchome mbao za kenchi, hasa kwenye maungio na pale zinapolalia ukuta, maana mchwa huacha mbao ikiwa nzima kwa nje huku ndani imekuwa unga. Mbao iliyoliwa ibadilishwe, na zilizobaki zipakwe dawa. Paneli ya wati 400 hivi ina uzito wa kilo 20 na ushei, mzigo ambao kenchi imara huubeba bila taabu. Kinachohitaji tahadhari zaidi ni upepo, ambao huingia chini ya paneli na kuivuta juu, kwa hiyo reli, yaani vipande virefu vinavyobeba paneli, lazima zishikwe na mbao, kamwe zisishikwe na bati peke yake. Ukiwa huko darini, pima umbali kati ya mbao na uuandike, ili fundi ajue mahali pa kutoboa bila kubahatisha.

Kwa sisi wa pwani adui mkubwa ni kutu. Bati lililoanza kuliwa libadilishwe kabla, na ukinunua jipya kumbuka kwamba geji 28 ni nene kuliko geji 32. Reli ziwe za alumini na bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu. Matundu yatobolewe kwenye mgongo wa bati, mahali ambapo maji hayatuami, na kila skrubu iwe na mpira wake. Chembe za chuma zinazobaki baada ya kutoboa zifagiliwe siku hiyo hiyo, kwa sababu huota kutu na kulitia bati madoa; waya wa shaba wa athi (unaopeleka umeme wa hitilafu ardhini) nao usilale juu ya bati tupu, kwani shaba huharakisha kuliwa kwa zinki. Paa la zamani la asbesto lisitobolewe kabisa.

Kuhusu mwelekeo, huku kwetu kusini kidogo mwa ikweta upande wa kaskazini hufaa zaidi, lakini mteremko ukiwa mdogo tofauti si kubwa, kwa kuwa kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi jua la mchana hupita kusini. Kivuli ndicho cha kuogopwa: tawi la mwembe au tangi la maji likifunika sehemu ya paneli moja, linaweza kupunguza umeme wa paneli zote zilizounganishwa nayo kwa mfululizo. Punguza matawi na hamisha tangi mapema.

Acha nafasi ya sentimita 10 au zaidi kati ya bati na paneli, kwani joto hupunguza uzalishaji, na uache njia pembeni ya kupita mtu wa kuzisafisha. Fundi awe na leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji nchini Tanzania, naye apande darini kabla ya kukutajia bei.