Maji hayajui masale

Tembea kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya migomba na kahawa, vya Kibosho au Old Moshi mteremkoni mwa Kilimanjaro siku mbili baada ya mvua kubwa ya masika. Shamba la juu lina mtaro wa kupendeza, umechimbwa kwa kamba. Chini yake, kwa jirani, korongo jipya limepita katikati ya migomba. Sababu ni ile ile: mtaro umeishia kwenye masale, mimea inayopandwa kuonyesha mpaka. Maji ya mtaro wa mita 40 yamekusanywa vizuri, kisha yakamwagwa mahali pamoja kwenye shamba la mtu ambaye hakuulizwa.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza wa kuzuia udongo usichukuliwe na maji hauhusu miche wala mboji. Kusanyeni wenye mashamba wa mteremko mmoja, kuanzia aliye juu kabisa hadi aliye jirani na mto, mkubaliane mistari ya mitaro itapita wapi kabla jembe halijagusa ardhi. Kama msaragambo (kazi ya pamoja) wa kusafisha mfongo, mfereji wa asili wa kumwagilia, bado upo kwenu, itumieni siku hiyo hiyo. Watu wako na majembe tayari na zamu wameshazizoea. Kazi ianzie juu ishuke. Ukianza chini, mtaro wako utajaa matope ya wenzako kwa mvua mbili tu.

Kupima usawa wa mstari hakuhitaji mashine. Chukua miti miwili iliyonyooka ya mita 2, ifunge kileleni, itanue miguu mita 2, kisha gongomea kipande cha zaidi kidogo ya mita 1 katikati ya miguu ili ipatikane herufi A. Toka kileleni ning'iniza uzi wa mita 1.3 wenye jiwe. Sasa sehemu ambayo wengi huiruka: kukirekebisha kipimo chenyewe. Kisimamishe, weka alama ya miguu ardhini, tia alama pale uzi unapokata ule mti wa kati. Kigeuze, mguu wa kulia ukae palepale ulipokuwa wa kushoto, tia alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo usawa ulipo. Ukikisia kwa macho, mstari utainama, na maji yatauona mwinamo huo kabla yako. Siku ya upepo ongeza uzito wa jiwe au ahirisha.

Tembeza kipimo, uzi ukikaa kwenye alama hiyo ya usawa, ukipiga kigingi kila mguu unapokanyaga. Kwenye mteremko unaoshuka mita 1 kwa kila mita 10, mistari iachane mita 15 hivi. Ukishuka mita 2 kwa kila 10, iachane mita 7 hadi 8. Mkali kuliko hapo, mitaro mikubwa ni hatari. Weka mistari ya majani iliyokaribiana.

Chimbeni Januari na Februari, ardhi ikiwa kavu. Mtaro wa fanya juu una kina cha sentimita 60 na upana kama huo, udongo unarushwa upande wa juu, na kati ya tuta na mtaro unaacha ukingo wa sentimita 30 ili udongo usirudi ndani. Kurusha juu kunachosha mabega, ndiyo maana wengi huurusha upande wa chini, lakini ni lile tuta la juu linalonasa udongo na kutengeneza ngazi yenyewe miaka inavyokwenda. Kila mita 5 hadi 10 acha kizibo cha udongo ambao haujachimbwa, kifupi kuliko tuta, ili sehemu moja ikivunjika maji ya mtaro mzima yasikimbilie hapo. Ndani ya kihamba chenye kahawa, pindisha mstari upite kwenye nafasi. Mizizi inayolisha mkahawa iko karibu na uso wa ardhi, na sululu haina huruma.

Jirani akikataa, usiishie kwenye masale yake. Ziba mwisho wa mtaro, uupindishe kidogo kuelekea juu, na utengeneze mlango wa kumwagia ndani ya shamba lako, mpana na wa mawe na majani. Na kama maji yako yalishamwangukia, nenda na jani la isale ukaombe radhi kwanza, mambo ya kipimo baadaye.

Mvua ya kwanza ikinyesha, toka na jembe, si kesho yake. Utaona pale tuta lilipo chini ya usawa, maji yakianza kulitambaa. Jazia hapo hapo. Wiki hiyo hiyo panda majani juu ya tuta: majani ya tembo vipande vya pingili tatu, sentimita 50 kwa 50, mistari miwili. Majani ya Gwatemala ni bora pale tuta linapopakana na mahindi, maana majani ya tembo hunyang'anya maji na mbolea mita nzima kila upande. Kata yakifika mita 1 na uache kama sentimita 15. Ng'ombe wa zizini atakula, na samadi itarudi shambani. Yakiachwa yazeeke, hata ng'ombe hayataki.

Miti sasa. Miche hugawiwa bure ndiyo maana watu huanza nayo, halafu Septemba inakuwa vijiti vikavu. Panda ardhi ikiwa imelowa sentimita 30 kwenda chini. Chimba kwa mkono uhakikishe. Ya kivuli ndani ya kihamba iwe mruka (wengine huuita mfuruanje) na mringaringa, ikiachana mita 10 hadi 12. Mruka huongezea udongo naitrojeni, na majani yake hupitisha mwanga. Msesewe uachie nafasi yake pia. Wapika mbege, pombe ya ndizi, watakutafuta kwa ajili ya magome yake. Mgrivea uende mpakani, mita 3 kati ya mche na mche, upogolewe kila mwaka. Mkaratusi usiupande karibu na chemchemi wala mfongo, na kumbukeni Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu zinazoharibu chanzo cha maji ndani ya mita 60.

Kivuli kingi ni kosa la watu wenye nia njema. Kahawa ikibaki gizani na unyevu, kutu ya majani na chulebuni, ugonjwa wa kuvu unaoozesha buni, havitoki. Punguza matawi ya juu masika ikikaribia, uache kivuli wakati wa jua kali la Januari. Kama unabadilisha mikahawa, aina zilizotolewa na TaCRI, Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania iliyoko Lyamungo, zinahimili magonjwa hayo mawili.

Migomba ndiyo inayoambukizana kwa urafiki: jirani anakupa chipukizi na fukusi ndani yake. Menya tunguu mpaka libaki jeupe, litumbukize kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30, panda. Kila shina liwe na mama, mtoto na mjukuu, basi. Machipukizi mengine yang'oe.

Tambarare, kwenye mashamba ya mahindi, adui ni mifugo inayoachiliwa baada ya mavuno. Hata visiki vinavyochipua vyenyewe, ambavyo ukichagua mashina matatu na kuyapogolea vinakuwa miti bila kununua mche, huliwa vyote kwa wiki moja. Hapo mkulima mmoja hawezi kitu. Pelekeni sheria ndogo kwenye mkutano wa kijiji, ikaidhinishwe na halmashauri ya wilaya, na faini iandikwe kabla ya kuvuna, siyo baada ya kugombana.

Mwaka wa pili mtaro utakuwa umejaa nusu. Hapo huzuka ubishi: udongo ule mweusi ulioshuka ni wa nani, wa juu au wa chini? Kubalianeni mapema kwamba unarudishwa juu ya tuta la mtaro huo huo, na hakuna wa kuubeba kwa toroli kwenda kwenye bustani yake ya mboga.