Macho meupe hayamaanishi ini limepona

SWALI: Daktari, mume wangu alizaliwa na kukulia Karachi, Pakistani, sasa tunaishi Mombasa. Alipokwenda kuchangia damu aliambiwa kipimo cha homa ya ini C kimetoka chanya. Macho yake hayana unjano, anakula vizuri, kazini anakwenda. Mama mkwe anasema utotoni aliwahi kupata manjano, hakim (mganga wa dawa za asili wa huko kwao) akampa dawa akapona, kwa hiyo atatuma dawa ile ile. Tena anasema ugonjwa huu uko kwenye damu ya watu wa kwao. Ni kweli? — Bi. F.

JIBU: Bi. F., maneno ya mkweo nayasikia kila wiki, na ndiyo yanayonichosha kuliko ugonjwa wenyewe.

Manjano yale ya utotoni yumkini yalikuwa homa ya ini A, ambayo watoto wengi wa Pakistani huipata mapema. A na E huingia kwa maji na chakula chenye kinyesi. Mwaka 1955 maji taka ya Delhi yalifikia chanzo cha maji ya bomba kwenye mto Yamuna, na watu wapatao 29,000 wakageuka rangi. Baadaye ikajulikana ilikuwa E. Wengi hupona wenyewe baada ya wiki chache (E kwa mjamzito ni habari nyingine, huweza kuua). Sasa, ugonjwa unaopona wenyewe ndio mtaji wa tapeli. Akupe juisi, akupulizie dua, sifa ni zake.

Huko India kuna shada la manjano: vijiti vibichi hufungwa kwa uzi, mgonjwa akavishwa. Siku zikipita shada linarefuka, kutoka shingoni hadi kitovuni, na watu wanaona ugonjwa unateremka. Vijiti vimekauka na kusinyaa, mafundo yamelegea. Basi.

C haina mchezo huo. Kwa wengi haileti unjano mwanzoni. Hukaa kimya miaka 20 au 30 ikilitia ini makovu, mtu anafika kwangu tumbo limejaa maji au anatapika damu, naye ananiapia kwamba macho yake hayajawahi kubadilika. Kwao Pakistani huiita "kala yarqan", manjano meusi, na jina lenyewe linapotosha.

Kuhusu damu ya watu wa kwao: hapana. Kwa hesabu za WHO za 2022, Pakistani ilikuwa na watu milioni 8.8 wenye C, wengi kuliko nchi yoyote, na India milioni 29.8 wenye B. Lakini hiyo si asili. Ni sindano. Mtu ana mafua, anadai achomwe au atundikiwe dripu, kidonge anakidharau. Na "daktari" asiye na cheti anatumia bomba lile lile la sindano kwa watu kadhaa. Ongeza wembe wa kinyozi na damu isiyopimwa. Waliochangia sahani hawamo humo, kwa hiyo kuleni pamoja.

Kipimo cha mumeo kimeona kingamwili tu, yaani askari ambao mwili huwatengeneza kupigana na virusi. Baadhi ya watu huvishinda virusi wenyewe bila dawa, kingamwili zikabaki. Apimwe virusi vyenyewe kwenye damu, apimwe na B pia, kwa sababu tiba ya C inaweza kuiamsha B iliyolala. Virusi vya C vikiwapo, vidonge vyake kwa kawaida ni wiki 12, na zaidi ya 95 kati ya 100 hupona kabisa. Wewe nawe upimwe.

Dawa ya hakim isifunguliwe. Baadhi ya hizo "safisha ini" zimekutwa na madini yenye sumu ya risasi na zebaki, na nimewalaza wagonjwa ambao ini lao liliharibiwa na dawa ya kulisafisha. Wala msidhani ni mambo ya Karachi pekee: chupa hizo zinauzwa hata kwenye vituo vya matatu hapo Mombasa. Na popote mtakapochomwa sindano, pakiti ifunguliwe mbele ya macho yenu. Mhudumu akinuna, mwacheni anune.