Studi ndefu za nyuma kwa Hiace inayofungwa rimu za aloi

Swali: Shikamoo fundi. Nina Hiace ya mwaka 2009, breki za nyuma ni za dramu. Nimenunua rimu za aloi za matundu sita. Mbele zimekaa vizuri, lakini nyuma nati inazunguka mara nne na nusu tu, inagota. Nimeambiwa niweke studi ndefu, zile boliti zinazoshika gurudumu. Zinatolewaje, na ziwe ndefu kiasi gani?

Jibu: Marahaba. Kwanza rudisha rimu za chuma nyuma. Gari lisitembee hivyo hata hadi gereji. Studi ya Hiace ni M12 yenye hatua ya milimita 1.5, yaani nati husogea milimita 1.5 kila mzunguko, na nati inatakiwa ishike uzi usiopungua unene wa studi yenyewe, yaani milimita 12. Hiyo ni mizunguko 8 ya mkono tangu nati inapoanza kuuma hadi inapogota. Wewe una minne na nusu, hata milimita 7 hazifiki. Nyuzi hizo chache zikibeba gari lenye abiria zitachunika, na ukikaza zaidi ndiyo unaharakisha.

Umepungukiwa na milimita 5 hivi, kwa hiyo tafuta studi inayoizidi ya zamani kwa milimita 10. Utapata mizunguko 11. Usiende dukani na jina la gari peke yake: toa studi moja, ishike mkononi, na beba verinia, kile kipimo cha kupimia unene. Linganisha kipenyo cha yale meno yaliyo chini ya kichwa, urefu wa meno hayo, na umbo la kichwa. Meno membamba yatazunguka ndani ya tundu. Manene mno yatakwama njiani au kuchana flenji, ile sahani ya ekseli inayobeba studi. Chagua zenye alama 10.9, ndiyo daraja la ugumu wa chuma chake. Nyuma zinaingia 12. Nunua 14, maana moja huharibika kirahisi wakati wa kuvuta.

Kabla hujalipa, geuza rimu usome mgongo wake. Rimu ya Kijapani iliyopigwa muhuri JWL pekee ni ya gari dogo. Ya magari ya mizigo na mabasi huandikwa JWL-T. Tazama pia uzito wa juu uliochapwa, na uwe angalau nusu ya mzigo unaoruhusiwa ekseli ya nyuma. Rimu ikishindwa hapo, studi hazitaisaidia. Tundu la katikati la Hiace hii ni milimita 106.1, la rimu likiwa pana zaidi, weka pete ya kati.

Kazi yenyewe: weka kabari magurudumu ya mbele, legeza hendibreki, inua ekseli na uikalishe juu ya stendi. Dramu ikigoma kutoka, usoni mwake kuna matundu mawili yenye uzi. Ingiza boliti mbili za M8 na uzikaze kwa zamu, nusu mzunguko kila upande, itajisukuma yenyewe. Usiigonge ukingoni kwa nyundo, ni chuma cha kuyeyusha na hupasuka.

Zungusha flenji hadi kichwa cha studi kikae penye nafasi nyuma yake, kisha isukume kwa kibano cha kusukumia boli joint. Nyundo nzito hutoa studi, sawa, lakini kila pigo linapita kwenye beringi ya ekseli. Studi ndefu isipopata njia ya kuingia, toa shuu za breki upate nafasi. Bado ikigoma, shafti ya ekseli itoke, na hapo andaa kabisa oili sili mpya. Usisage kichwa cha studi ili kipite.

Kuingiza ni kwa kuvuta. Panga washa nne au tano nene juu ya flenji, paka grisi kati ya washa tu, weka nati ya zamani ikiwa imegeuzwa, upande bapa chini, ukaze kwa spana ya mkono. Mashine ya upepo iache pembeni. Nati hiyo ukimaliza itupe, uzi wake umeshachoka.

Sasa chukua tochi umulike nyuma ya flenji. Kichwa kiwe kimelala kabisa pande zote. Ukiona mwanga hata mwembamba kama karatasi, studi haijafika: itamalizia kuingia barabarani, na nati itabaki imelegea bila mtu kuigusa. Hapa ndipo magurudumu mengi hupotea baada ya kazi iliyoonekana nzuri.

Studi ikizunguka na nati, tundu limepanuka. Wapo wanaochomelea kichwa ili isizunguke. Kataa. Moto unaharibu ugumu wa chuma cha 10.9, na studi hiyo itakatika bila kuonya. Dawa ni shafti nyingine.

Sugua uso wa dramu kwa brashi ya waya, nyuzi ziwe safi na kavu, bila oili. Nati ziendane na kiti cha rimu: tundu la koni linataka nati ya koni, tundu la moja kwa moja linataka nati ya shingo yenye washa. Kaza kwa mtindo wa nyota, gurudumu likiwa hewani kwanza, kisha chini kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza. M12 nyingi za Toyota huhitaji Nm 100 hadi 110. Fuata kitabu cha gari lako. Rudia kukaza baada ya kilomita 50 hadi 100.

Mwisho, spea yako bado ni ya chuma. Nati ya shingo haitaishika, na nati iliyozibwa juu itagota kwenye ncha ya studi ndefu kabla haijaibana rimu. Weka ndani ya gari nati sita za koni zilizo wazi pande zote mbili, zifungwe pamoja na jeki.