Kwa Nini Niliacha Vidonge vya Beta-karotini Nikarudi Kwenye Mboga

Nilipokuwa bado navuta sigara, nilikuwa nikimeza kila asubuhi kidonge cha beta-karotini (kemikali inayoipa karoti rangi yake ya chungwa), nikiamini kwamba kinafuta madhara ya sigara za jana yake. Kilikuwa kafara yangu, na kama kafara nyingi, kilinipa ruhusa ya kuendelea na kosa lile lile.

Hoja yangu haikukosa msingi kabisa. Seli inapotumia oksijeni kuzalisha nishati, huzaa pia radikali huru, yaani molekuli zenye elektroni isiyo na mwenzake, ambazo hupora elektroni kutoka kwenye mafuta ya utando wa seli, kwenye protini na hata kwenye DNA. Aliyeporwa naye humpora jirani, na uharibifu husambaa. Antioksidanti, kundi la kemikali ambalo beta-karotini ni mojawapo, hutoa elektroni yake na kuukata mnyororo huo. Nisichokijua wakati ule ni kwamba seli nyeupe za damu huzihitaji baadhi ya molekuli hizo ili kuua vijidudu, kwa hiyo kuzifyeka zote si jambo la kutamaniwa.

Kilichonizindua ni utafiti uliofanyika Ufini na kuchapishwa mwaka 1994, uliowahusisha wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000. Waliopewa miligramu 20 za beta-karotini kila siku walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wale ambao hawakupewa. Mwaka 1996 utafiti mwingine wa Marekani ulisitishwa kabla ya wakati wake kwa sababu kama hiyo. Nilikuwa mtu yule yule aliyeelezwa humo, nami nikaacha kidonge kwanza, sigara baadaye (hiyo ya pili ilinitesa zaidi).

Mboga ni jambo tofauti, kwa kuwa karoti haiji na beta-karotini peke yake, bali huambatana na nyuzinyuzi, madini na mamia ya kemikali nyingine kwa viwango vya wastani. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na mimi hukifikia kiwango hicho kwa kula mboga katika kila mlo badala ya kuzirundika usiku.

Namna ya kupika nayo ina uzito wake. Kwa miaka mingi nilichemsha spinachi hadi ikalegea, kisha nikamwaga maji yake, na pamoja nayo vitamini C nyingi. Siku hizi naipika kwa mvuke dakika chache tu. Nyanya, kinyume chake, hunufaisha zaidi zikipikwa, kwa sababu moto huilegeza likopini iliyomo (antioksidanti inayozipa rangi nyekundu), na mafuta kidogo huusaidia utumbo kuifyonza, kama yanavyosaidia kwa karoti. Pilipili hoho mimi huila mbichi.

Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiongeze ghafla mboga za majani kabla ya kuzungumza na daktari wake, kwa kuwa vitamini K iliyomo hupunguza nguvu ya dawa hiyo.