Muulize Fundi: Ford ya babu haihitaji injini ya Toyota

*Shikamoo Fundi. Babu alituachia pikapu aina ya Ford Model A ya mwaka 1930, aliyoinunua kwa meneja wa shamba la mkonge. Imekaa bandani tangu nikiwa mtoto na hendeli ya kuwashia injini haizunguki hata robo. Fundi wa hapa anasema injini imekufa, spea hazipo duniani, tuweke injini ya Toyota na umeme wa volti 12. Nimpe kazi?*
Msomaji, Mikindani

Marahaba mwanangu. Usimpe. Injini ikishatoka humo, mwezi haupiti itakuwa imepimwa kwenye mzani wa vyuma chakavu, na hata ukijuta hutaipata tena.

Spea zipo. Kati ya mwisho wa 1927 na 1931 Ford walitoa karibu magari milioni 5 ya aina hiyo, na hadi leo Marekani na Uingereza wapo wanaotengeneza vipuri vyake vipya: gasketi, pointi, kondensa, mpaka vioo vya taa. Gharama yake kubwa ni usafiri tu.

Na injini iliyogoma kuzunguka haijafa. Mikindani bahari iko mlangoni. Hewa ya chumvi imepenya kwenye eksozi, ikapita kwenye valvu iliyoachwa wazi, ringi za pistoni zikashikana na silinda kwa kutu. Fungua plagi zote nne. Changanya dizeli na oili ya giaboksi ya otomatiki nusu kwa nusu, mimina kikombe cha kahawa kwenye kila tundu, uache wiki nzima, ukiongeza kila inapokauka. Kisha tia gia ya tatu, plagi zikiwa bado nje, watu wawili walisukume gari mbele na nyuma kidogo kidogo. Trekta lisikaribie hapo. Nimeona pistoni iliyopasuka kwa haraka ya namna hiyo, na mwenye gari alikuwa amebakiza siku chache tu za subira.

Ikilegea, bado usiwashe. Shusha sampo, lile bakuli la oili chini ya injini. Injini hii haina filta ya oili, kwa hiyo uchafu wa miaka yote umelala chini. Ukimimina oili ya kisasa juu ya tope hilo, dawa ya kusafisha iliyomo italibandua na kulipeleka kwenye beringi zinazoshika kranki, yaani mhimili mkuu wa injini.

Sasa hizo beringi ndizo zilizomtisha fundi wako, nami namwelewa. Hazinunuliwi dukani na kupachikwa kama za Toyota. Zimemiminwa palepale kwa madini meupe: bati, pamoja na antimoni na shaba kidogo. Ukifungua kofia ya beringi utakuta vibati vyembamba pande zote mbili. Mafundi wengi huviona takataka, wakavitupa. Jamani, vile ndivyo roho ya injini! Beringi ikilika na kuanza kugonga, unatoa kibati kimoja kila upande, unakaza, unaangalia kama kranki inazunguka bila kubana. Weka vibati vya kila kofia kwenye bahasha yake, uandike namba juu. Waliobuni utaratibu huu walimfikiria mkulima aliye mbali na mji, mwenye spana chache na akili yake. Mikindani inamfaa kabisa.

Umeme wacha volti 6. Lawama inayotolewa kwa volti 6 kwa kawaida ni kosa la waya: kwa kazi ileile unahitaji mkondo mara mbili ya ule wa volti 12, na mtu akifunga waya mwembamba wa gari la siku hizi, stata inazunguka kwa kujivuta. Funga waya mnene, safisha mahali unapogusa chesisi mpaka chuma king'ae. Na angalia sana: kwenye Ford hii upande wa chanya ndio unaokwenda kwenye bodi, kinyume na ulivyozoea.

Tangi liko mbele ya dashibodi, juu ya magoti yako, na petroli inateremka yenyewe kwa uzito wake, pampu hakuna. Kutu yote ya tangi inashukia kwenye kabureta. Lisafishe kwanza tangi, la sivyo utafungua kabureta kila Jumamosi. Petroli ya leo isiyo na risasi inafaa kabisa, kwa sababu injini hii inakandamiza hewa kwa uwiano wa takriban 4 kwa 1 tu.

Pointi, zile zinazokata umeme wa plagi, ziachane milimita 0.5, plagi milimita 0.9, na moto uende kwenye silinda kwa mpangilio wa 1-2-4-3. Kwa taimingi, yaani kupanga wakati wa moto, mbele ya injini kuna pini fupi iliyofungwa kama bolti. Ifungue, igeuze, ncha yake ya duara iingie ndani, uibonyeze kwa kidole huku mwenzako akizungusha hendeli polepole. Utaihisi inazama kwenye kishimo cha gia ya kamshafti, mhimili unaofungua valvu. Hapo pistoni ya silinda ya kwanza iko juu.

Siku ya kuwasha, kabla hujagusa hendeli, pandisha juu kabisa ule mkono mdogo ulio kushoto chini ya usukani. Huo unachelewesha moto. Ukiusahau chini, moto utawaka pistoni ikiwa bado inapanda, na hendeli itarudi nyuma kwa kishindo kinachovunja mkono. Shika kwa mkono wa kushoto, dole gumba likae upande mmoja na vidole vingine, uvute kutoka chini kwenda juu. Usisukume kwenda chini hata mara moja. Vijana wako wafundishe hili kabla ya jambo lingine lolote.

*Fundi, Model A yangu inachemsha kabla sijatoka mjini. Nimebadilisha hozi, nimekaza mkanda wa feni, bado.*
Msomaji, Lindi mjini

Ukishawasha, unaushusha ule mkono mdogo wa kushoto chini ya usukani, unaochelewesha moto? Ukiuacha juu, moto unachelewa na joto linaishia kwenye eksozi na kwenye maji. Ukishaushusha na bado inachemsha, basi ni rejeta. Maji ya visima vingi vya pwani yetu yana chumvi na chokaa. Isafishe, kisha tia maji ya mvua tu. Kinga madumu masika yakija.

*Nina Chevrolet ya 1929, injini nzima, lakini mchwa wamekula mbao za ndani ya bodi. Naambiwa nichomelee mabomba ya mraba.*
Msomaji, Masasi

Hapana. Bodi hizo bati limepigiliwa juu ya fremu ya mbao, na mbao hujinyonga kidogo barabarani. Ukiweka bomba gumu, bati litapasuka kwenye misumari. Tumia mninga mkavu: hauchezi sana ukikauka, na mchwa hawaupendi. Usichome hata kipande kimoja cha zamani, hata kilicholiwa nusu. Hicho ndicho kielelezo cha seremala. Halafu tazama paa. Kabla ya 1935, General Motors walipoleta paa la chuma tupu, katikati ya paa palikuwa na kitambaa kilichopakwa dawa. Kikichanika, mvua inashukia kwenye mbao. Usipokishughulikia, mninga wako nao utaoza.

*Breki za Ford Model A zinavuta kulia. Kushuka kutoka Newala naogopa.*
Msomaji, Newala

Una haki ya kuogopa. Breki hizo hazina oili. Ni fito za chuma kutoka pedeli hadi magurudumuni. Usizifupishe fito hizo kufidia lainingi iliyolika. Inua magurudumu yote manne, kaza kile kichwa cha mraba nyuma ya kila gurudumu mpaka libane, kisha legeza kidogo kidogo mpaka lizunguke. Mwenzako akikanyaga pedeli taratibu, ya nyuma yaanze kushika kabla ya mbele, na kushoto kulingane na kulia.

Lainingi za zamani zina asbesto, kwa hiyo vumbi lake usilipulize. Lilowanishe, ulifute kwa kitambaa, ukitupe. (Ule utomvu wa ganda la korosho unaounguza vidole vya wabanguaji wetu, viwanda huko nje huugeuza unga wa kuchanganya kwenye lainingi. Natamani tungekuwa tunautengeneza hapa hapa.)

Na mteremko wenyewe: tia gia ya pili ukiwa bado juu, kwenye tambarare. Giaboksi hiyo haina sinkronaiza, kile kifaa cha kulinganisha mwendo wa gia, na ukijaribu kubadilisha katikati ya mteremko gia inaweza kukataa, ukabaki na breki peke yake. Ukilazimika, kanyaga klachi mara mbili, ukitia mafuta kidogo katikati. Kajizoeze barabara ya tambarare mpaka gia iingie bila kelele, ndipo uuendee mteremko wa Newala.