Msumeno upi utafuata mstari wako?

Nina pesa ya msumeno mmoja tu wa mkono. Nataka kutengeneza rafu na fremu. Nichukue upi?

Wa kukatia, yaani wa kukata kukingama nyuzi za mbao, wenye bapa la inchi 20 hadi 22 na meno 8 hadi 10 kwa inchi. Huo utapasua pia, yaani kukata kufuata nyuzi, ila polepole. Ule mrefu wa inchi 26 wenye meno 5 au 6 ni wa kupasulia: meno yake yamechongwa kama patasi, kwa hiyo ukikata kukingama nyuzi utazing'oa badala ya kuzikata.

Dukani nitautambuaje ulio mzuri?

Uinue usawa wa jicho, utazame meno kuanzia kwenye mpini hadi nchani. Uone mistari miwili iliyonyooka, mmoja umelalia kulia, mwingine kushoto. Jino lililotokeza peke yake litakwaruza mkato wote. Kisha pinda bapa taratibu uliachie. Likibaki na mkunjo hata kidogo, lirudishe. Shika mpini kwa vidole vitatu, kidole cha shahada kikilala ubavuni kuelekeza. Mpini usicheze kwenye skrubu zake.

Tazama pia rangi ya meno. Ncha nyeusi au za kibluu zimegumishwa kwa joto: hukaa kali muda mrefu, lakini tupa haiziwezi, na zikibutuka huo msumeno umekwisha. Kama una tupa ya pembetatu, au fundi wa kunoa yuko jirani, sisi tungechagua meno ya kawaida bila kusita.

Msumeno wa Kijapani unafaa?

Kwa viungio, sana. Hukata ukivutwa, hivyo bapa lake ni jembamba na njia ya mkato wake ni nyembamba. Usiunyonge ndani ya mkato. Meno yake marefu huvunjika, hasa kwenye mbao ngumu kama mninga.

Kila nikikata, msumeno unakwenda kushoto. Kwa nini?

Anza na mwili wako: bega, kiwiko na bapa viwe kwenye mstari mmoja. Msumeno ukiendelea kukimbia kushoto, basi meno ya kushoto yametanuka, yaani yamelalia nje, au yamenoleka kuliko ya kulia. Laza bapa mezani, upande wa kushoto ukiwa juu, pitisha jiwe la kunolea mara moja kwa wepesi ubavuni mwa meno, kisha ujaribu kwenye kipande cha ubao. Rudia ikibidi, lakini usizidishe: meno yakikosa mtanuko, bapa linabanwa.

Plaiwudi inachanika kingo. Nifanyeje?

Msumeno wa kusukuma huchana uso wa chini, kwa hiyo uso mzuri ukae juu. Wa umeme wa mviringo, ule wa kushika mkononi, hukata kwenda juu. Uso mzuri ukae chini. Vyovyote vile, kwanza chanja mstari kwa kisu na rula ya chuma pande zote mbili. Kwa mkono tumia meno 12 kwa inchi au zaidi. Kwa umeme, diski ya milimita 185 yenye meno 40 hadi 60. Diski ya meno 24 iache kwa kupasulia.