Weka hiyo tina chini kwanza

Mkuu, weka hiyo tina, hiyo dawa ya kuyeyushia rangi, chini. Ifunike, mrudishie aliyekupa, halafu ndio uje usome.

Nimeona umeuliza mambo manne kwa mpigo: Toyota Crown yako nyeusi uioshe vipi, uikaushe na nini, taa za mbele zilizoingia unjano, na doa la jinzi kwenye siti ya dereva ya rangi ya krimu. Nilikuwa napita tu. Ila uliposema kuna fundi kakwambia "futa na tina kidogo tu, linatoka", tumbo likanikata. Hiyo "kidogo tu" naijua. Mimi ilinitoka laki nane na nusu.

Mwaka 2019 nilikuwa na Harrier, siti za ngozi rangi ya maziwa, imetoka Japani haina hata mkwaruzo. Nikanunua jinzi mpya Kariakoo, nikaivaa wiki nzima bila kuifua. Siti ikaingia bluu kama imekaliwa na kaniki. Fundi aliyekuwa ananibadilishia breki pedi akachungulia ndani, akacheka: "Bosi, hiyo dakika mbili." Akanimiminia tina kwenye chupa ya maji ya kunywa. Fundi wa breki! Nami nikaitikia kama mgonjwa anayemuuliza kinyozi dawa ya jino.

Jumapili nikakaa uani, nikachovya fulana kuukuu. Sasa hapa soma taratibu. Nilisugua, bluu ikatoka. Kweli ilitoka, hapo sikudanganywa. Nikageuza upande safi wa fulana, nikasugua tena, ikatoka rangi ya krimu. Nikafurahi! Nikajisemea kumbe na Wajapani nao ni wachafu, uchafu wote huu ulikuwa humu? Nikazidisha tina. Nikamwita na mke wangu aje aone. Akaangalia fulana, akaangalia siti, akaangalia fulana tena: "Baba Nasra, mbona huo uchafu unafanana na kiti?"

Ilikuwa rangi ya siti yenyewe. Palipokauka pakabaki kijivu, pamekakamaa, panakwaruza ukipitisha kiganja, duara la ukubwa wa sahani ya chai.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni kwamba ngozi ya siti za magari mengi imepakwa rangi kwa juu kiwandani, halafu ikafunikwa na utando mwembamba kama plastiki wa kuilinda. Ukiosha siti unaosha huo utando, ngozi huigusi kabisa. Tina inakula utando, inakula rangi, ngozi inabaki uchi. Petroli na dawa ya kutolea rangi ya kucha ni ndugu zake. Sabuni ya unga na brashi ngumu, ambazo najua ndizo vijana wa kuosha magari watakazokuletea, zinafika hukohuko, ila kwa miguu.

Ningeishia hapo ningekuwa na doa moja tu. Lakini nikampigia fundi yuleyule (ndiyo, yuleyule, mnicheke), akasema paka mafuta ya nazi, rangi itarudi. Itarudi kutoka wapi? Mafuta yana rangi ya krimu? Nikapaka. Gari likashinda juani, mafuta yakayeyuka, vumbi likanata, na siku ya harusi ya mdogo wangu shemeji ndiye aliyeendesha, kavaa kanzu nyeupe. Hapo sisemi zaidi.

Baada ya miezi kadhaa pale pakapasuka kama tope la kiangazi. Fundi wa siti wa kwanza alitaka kuzipulizia rangi siti zote ili zifanane, wa pili akasema ngozi imeshachanika, bora azivalishe upya. Siti mbili za mbele, Sh 850,000. Na alichonivalishia si ngozi ya kweli, ni ya bandia, saa saba mchana inaunguza mapaja. Nilipomfuata yule wa breki alinijibu, "Utakuwa ulisugua sana."

Kwa hiyo shika hili moja: KITAMBAA CHEUPE. Usichukue fulana ya rangi, usichukue sponji ya sufuria. Kiloweshe kidogo kwa maji, tone moja la sabuni laini ya maji, kamua, uanze chini pembeni ya siti, pale pasipoonekana. Futa taratibu, kisha angalia kitambaa. Kikitoka bluu, endelea. Kikitoka rangi ya siti, acha papo hapo, hata kama doa bado lipo. Rangi ya jinzi iliyokaa siku nyingi inaweza isitoke yote. Gari langu la sasa lina kivuli cha bluu upande wa kulia, nimekizoea kama alama ya chanjo begani. Ukimaliza pitisha kitambaa chenye maji matupu, kausha na kingine, acha milango wazi kivulini.

Nje ni kwa kifupi, na taa nawaachia wenzangu. Nyeusi ni adhabu uliyojichagulia. Mlinzi asikupangusie vumbi asubuhi na kitambaa kikavu, vumbi ni mchanga, unachora miduara utakayoiona jua likipiga boneti. Maji mengi kwanza, halafu shampuu ya gari, ndoo ya sabuni mbali na ndoo ya kusuuzia kitambaa, unaanza na paa, magurudumu mwisho na kitambaa chake. Iwe kivulini, bodi imepoa. Kama maji yako ni ya kisima, na wengi wetu Dar ndiyo hayo, usiache yajikaushe, chumvi inabaki madoa meupe. Laza taulo ya maikrofaiba, zile za nyuzi laini, juu ya bodi uivute. Kinyesi cha kunguru kiloweshe kwanza, usikibandue kikavu.

Halafu rudi kwenye kitambaa cheupe. Narudia kwa sababu najua unaiangalia hiyo chupa ya tina hapo ulipo. Huyo fundi wako muulize gari lake lina siti gani. Wa kwangu nilikuja kumuuliza nimeshachelewa: ana bodaboda.